Jumamosi Niliyotolewa kwa Mama

Mdogo wangu alingoja nihame kwa Mama mpaka matofali yake yakaota nyasi. Aliyachoma mwenyewe, akayapanga nje ya ua wa nyumbani, akayafunika kwa nailoni, kisha akaanza kuningoja. Kwetu Waluo, mdogo hatoki kwa baba yake akaenda kufungua boma lake, dala, kama mkubwa wake bado amekaa. Mkubwa ni mimi. Na shida ni kwamba nilikuwa nimekaa vizuri.

Nyumbani ni Migori, ukipita Suna ukaenda kidogo mpaka mashamba ya miwa yaanze. Hapo nilijenga simba, ile nyumba ndogo ambayo kijana hupewa nafasi ya kusimamisha karibu na geti la baba yake, ndevu zikiwa bado hazijajua zitokee wapi. Nikaoa nikiwa ndani yake. Nikapata watoto nikiwa ndani yake. Kipara nacho kilinikuta humo humo. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walienda Nairobi, wengine Mombasa, mmoja yuko Qatar anaendesha mashine sijui ya nini. Mimi nilifika Rodi Kopany kununua mbuzi, nikarudi jioni hiyo hiyo nikilalamikia umbali. Kutoka mlango wa simba mpaka jiko la Mama ulikuwa mwendo wa mtu aliyeshika kikombe kitupu, na kikombe hicho hakikuwahi kurudi kitupu.

Mke wangu hakulipenda jiko hilo kama nilivyolipenda mimi. Alisema amechoka kukata vitunguu huku mtu mwingine akiangalia anakata vikubwa au vidogo. Mama naye alisema yeye haangalii, macho yake ndiyo yanapita. Mimi nilikaa katikati yao nikinywa chai.

Mdogo wangu hufanya kazi ya kuunganisha umeme kwenye manyumba huko Homa Bay, na kila alipokuja nyumbani alianza na mimi kabla hajasalimu mtu mwingine.

"Omera, bado hujaachishwa ziwa?"

Omera ni kuitana ndugu, lakini kinywani mwake neno hilo lilikuwa na meno. Nilimjibu kwamba mambo mazuri hayataki haraka. Aliangalia matofali yake, akaangalia kipara changu, akaenda zake kumsalimu Mama.

Kilichonifikisha mwisho wa njia ni Baba Mdogo. Baba yetu alishafariki, na mtu akifungua dala ni baba yake anayemtangulia asubuhi kumwonyesha mahali. Baba akikosekana, ni ndugu ya baba. Aliyebaki ni huyo mmoja tu, na anaishi upande wa Tanzania, Rorya, anakolima mihogo. Miguu yake imeanza kumkatalia. Alipokuja Februari hiyo, alituita sisi wawili akasema wazi: "Nimevuka mpaka huu kwa mara ya mwisho. Nitakaa mpaka Jumamosi. Mwenye kutoka atoke. Nikisharudi kwangu, msinitafute kwa sababu ya mtu mvivu."

Mdogo wangu aliniangalia tu. Nilijua, na kila mtu pale alijua, kwamba Jumamosi hiyo ikipita bila mimi kulala kwenye dala yangu, yeye naye atabaki na matofali yake mpaka sijui lini. Anayetoka ni mimi, lakini aliyekuwa na la kupoteza ni yeye.

Sasa, mambo ya Jumamosi. Huku kwetu nusu ya mafundi ni Wasabato. Jumamosi hawashiki nyundo hata umwambie nyumba inaungua. Mdogo wangu alizunguka Suna nzima akapata fundi mmoja ambaye alisema yeye husali Jumapili, akikumbuka. Fundi akaleta wasaidizi wake, na sharti moja: redio iwepo. Maana siku hiyo ilikuwa siku ya kura.

Si kura ya sisi kupanga foleni. Ilikuwa ya wakuu wa nchi, kule Addis Ababa, wakichagua mtu wa kukalia kiti kikubwa cha Afrika nzima, na mtu wetu alikuwa mmoja wa waliosimama. Nikisema mtu wetu, huku hakuna anayeuliza ni nani. Wiki nzima hakuna aliyezungumza jambo lingine. Hata kanisani, waliokwenda siku hiyo, nasikia maombi yaliingia Addis Ababa yakachelewa kutoka.

Tulitoka kwa Mama kabla jua halijaonekana. Baba Mdogo mbele na fimbo yake, mimi nyuma yake na shoka, mtoto wetu wa kwanza na jogoo chini ya kwapa, mke wangu na makaa ya moto ndani ya kipande cha chungu. Mama alisimama mlangoni kwake amefunga mikono kifuani. Nilitaka kumwambia kwaheri, nikaona ni upuuzi, maana nilikuwa nahamia ng'ambo ya shamba moja la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Angenipigia kelele ningesikia.

"Ukishatoka na jogoo, hurudi nyuma," Baba Mdogo alisema bila kugeuka. "Si kunywa chai, si kuchukua shati. Leo usiku moto uwe unawaka chini ya paa lako, na wewe uwe umelala kando yake. Kinyume cha hapo, hakuna dala hapa."

"Na kama nimesahau kitu?"

"Umesahau nini?"

Nilikuwa sijasahau kitu. Nilikuwa nauliza tu.

Tukafika kiwanjani. Ni mahali tambarare. Upande wa machweo kuna barabara ya murram, na upande wa mawio kuna kipande cha mdogo wangu na matofali yake, halafu ua wa nyumbani, halafu moshi wa jiko la Mama. Baba Mdogo akasimamisha geti upande wa barabara: nguzo mbili tu za mti mbichi, lakini geti ni geti. Akanionyesha mahali pa nyumba, mbele ya geti lakini mbali nalo, ili nyumba kubwa iangalie geti moja kwa moja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akapiga ardhi na shoka, nikapiga na mimi, mke wangu akaweka makaa chini akaanza kupuliza. Fundi akaja na watu wake, mashimo yakachimbwa, na kwa kweli asubuhi hiyo nilifikiri mambo yatakuwa rahisi.

Nguzo zilisimama mapema. Mabati ya kuta yalikuwa yale ya zamani ya ghala la baba, tayari yapo, yana matundu ya misumari kama yamepigwa risasi. Ya paa yalikuwa mapya, na yalitakiwa kufika asubuhi kutoka Rodi Kopany. Saa nne hayakuonekana. Saa tano mdogo wangu akampigia dereva wa lori.

"Uko wapi?"

Tulisikia wote, maana dereva alikuwa anazungumza kama mtu aliye sokoni. Alisema amesimama Rongo kidogo. Mahali pana televisheni kubwa. Anaangalia kama wameanza.

"Wakianza utafanya nini, utapiga kura?" mdogo wangu akauliza.

"Brathe, tulia. Naja."

Alikuja saa saba akiwa na hasira kwamba kura yenyewe ilikuwa bado haijaanza vizuri.

Kiangazi cha Februari huku hakina utani. Ardhi imepasuka, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na bati likikaa juani dakika chache huwezi kulishika bila kitambaa. Mdogo wangu alitundika redio kwenye mti mdogo karibu na matofali yake, upande wa mawio, ambako kivuli cha mti huo kilikuwa kinaanza kuanguka. Basi watu wote wakahamia huko. Baba Mdogo akaketi juu ya matofali kama kiti cha enzi. Chakula kilikuwa kinatoka kwa Mama kupitia upande huo huo, kwa hiyo hata wanawake wakawa huko. Upande wa barabara, kwenye geti letu jipya, hakubaki mtu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza ilikuwaje.

Raundi ya kwanza ikatangazwa, na mtu wetu alikuwa mbele.

Nyundo zilisimama. Fundi alikuwa amepanda kwenye nguzo za kona, akashuka akacheza kidogo, akapanda tena. Baba Mdogo alitoa kofia akairudisha. Hata mke wangu, ambaye siasa humletea usingizi, alitabasamu, ingawa alisema anatabasamu kwa sababu amepumzika kubeba maji.

Raundi ya pili tukangoja. Mtangazaji alikuwa hana la kusema na alikuwa anatakiwa kusema, kwa hiyo alieleza ukumbi ulivyo, wajumbe walivyoingia, na kwamba matokeo yatakuja wakati wowote. Alirudia "wakati wowote" mpaka nikaanza kumchukia kama mtu ninayemdai. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, watu wa nyundo walidhani sasa ni matokeo, wakasimama. Nikaona hesabu ya siku inakwenda vibaya. Kwa kila msumari kulikuwa na habari moja.

Ni wakati huo fundi aliponiita kutoka ndani ya nguzo. Kuta zilikuwa bado hazijafunikwa, na nyumba isiyo na kuta ina milango kila mahali.

"Mwenye nyumba. Mlango upande gani?"

Sikio langu lilikuwa kwenye redio. Macho yangu, nikitaka kuwa mkweli, yalikuwa ng'ambo ya matofali, kwenye moshi wa Mama, maana saa hiyo ndiyo saa yangu ya chai na siku hiyo nilikuwa nimekatazwa. Nikanyoosha mkono.

"Hapo," nikasema.

Fundi akaangalia mkono, akaangalia mahali ulipoelekea, akasema sawa. Raundi ya pili ikatangazwa, bado tuko mbele, kelele zikapanda, mabati ya kuta yakaanza kupigiliwa na watu wenye furaha. Watu wenye furaha hupigilia haraka sana.

Kuanzia raundi ya tatu mambo yakageuka. Mtu wetu akapitwa. Fundi alishuka kutoka juu ya paa akiwa na misumari mdomoni, akakaa chini, akaitoa mmoja mmoja.

"Kuna mtu ametuuza," akasema.

"Nani?"

"Majirani. Mzee, nyinyi Tanzania mmepiga wapi?"

Baba Mdogo aliinua macho polepole. "Mimi nalima mihogo. Sikuitwa Addis Ababa."

"Lakini mngetuambia mapema."

"Kijana, mimi nimezaliwa hapo kwenye ule ua. Nilihamia Rorya kwa sababu ya shamba. Paa la watu liko wazi."

Fundi akapanda, lakini moyo wake ulibaki chini. Alikuwa akipiga msumari mmoja anauliza swali. Wale wasaidizi walianza kubishana wenyewe kwa wenyewe nchi gani ilitusaliti, wakawa wanazitaja moja moja, nchi nyingine nina hakika hawakujua ziko wapi. Mdogo wangu alizunguka nyumba upande mmoja na kurudi, anaangalia jua, anaangalia paa.

"Fundi, tafadhali. Ile kura inapigwa hata usipoisikiliza."

"Na nyumba inajengwa hata nikisikiliza."

"Haijengwi. Naona."

"Wewe ndiwe mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba ni yule." Akanionyesha kwa kidevu. "Anaona raha tu."

Sikuona raha. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko wote, ila hasira yangu ilikuwa haina mahali pa kusimama. Nilimkasirikia fundi kwa uvivu, na hilo halikufaa kutoka kwangu. Nilikasirikia kura kwa kurudiwa rudiwa. Nilimkasirikia Mama kwa kupika chapati siku ambayo nimekatazwa kurudi, harufu inavuka shamba inakuja kunikuta nikishika ngazi.

Raundi zilikwenda, moja baada ya nyingine, kila moja mbaya kuliko iliyoitangulia. Mwishowe ikatangazwa kwamba mtu wetu hakupata. Mtangazaji alisema kwa sauti ya matanga. Mtu mmoja akazima redio, na hakuna aliyemwambia aiwashe.

Fundi alikuwa ameketi juu ya paa, mguu mmoja huku na mwingine kule, nyundo imelala mapajani. Nusu ya paa ilikuwa na mabati, nusu nyingine mbao tupu. Dereva wa lori, ambaye hakuwa ameondoka, alikuwa amejifunika uso na kofia. Baba Mdogo alichora chora ardhi na fimbo.

"Leo mkono hauna nguvu tena," fundi akasema kutoka juu. "Hii tumalizie Jumatatu."

Mke wangu alikuwa anapita na mtungi wa maji kichwani. Hakusimama. "Kwani alikuwa anakuja kukaa kwa hii nyumba?"

Wasaidizi wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka kucheka. Mdogo wangu akachukua nyundo nyingine akapanda ngazi mwenyewe. Mtu wa umeme hajui paa, lakini kumwona anapigilia vibaya kulimwuma fundi kuliko kura. Akasogea. Kazi ikaanza tena.

Mke wangu alikwenda mtoni mara ya pili, na safari hii alirudi kwa njia ya barabara, kwa sababu kijia cha huku kilikuwa kimejaa watu wenye huzuni. Kwa hiyo yeye ndiye mtu wa kwanza, tangu kuta zipigiliwe, kuingia kwa geti letu. Tulimsikia amesimama. Kisha tukamwona anatokea kona moja ya nyumba, mtungi kichwani, anaangalia ukuta kama mtu anayetafuta nambari ya ofisi.

"Baba yao."

"Naam."

"Hii nyumba imetupa mgongo."

Tulikwenda wote upande wa barabara kuangalia. Ulikuwa ukuta mtupu wa bati la zamani, umepigiliwa vizuri kabisa, hauna hata dirisha. Geti lilikuwa mbele yake, zile nguzo mbili, na kati yazo unaona ukuta. Ungekuja kwangu kunitembelea ungedhani umefika ghalani. Waliokaa upande wa redio walikuwa wameuona mlango, wakadhani ni wa nyuma.

Mdogo wangu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Fundi. Nani alikuambia mlango ukae kule?"

"Mwenye nyumba."

"Nilinyoosha mkono tu," nikasema.

"Ulinyoosha wapi?"

Fundi akajibu kwa niaba yangu, akanyoosha mkono wake vile vile nilivyofanya mimi, na kila mtu akaufuata mkono huo mpaka kwenye moshi wa jiko la Mama. Mke wangu akashusha mtungi chini. Alikuwa ameomba miaka yote kitu kimoja: mlango ambao akifungua asubuhi hamwoni mama mkwe wake. Nilikuwa nimemjengea mlango unaomwangalia mama mkwe wake moja kwa moja, usiokuwa na kitu cha kuzuia ila matofali.

"Uhamishwe," mdogo wangu akasema.

Fundi akatikisa kichwa. "Hizi nguzo mbili za mlango ndizo zimebeba mbao za juu. Nikizitoa, hiyo nusu ya paa inashuka. Nitaanza upya. Jua liko wapi?"

Jua lilikuwa limeshuka sana.

"Basi toboa mwingine huku."

"Huku nimeweka mbao za mshazari zinashika ukuta wote. Hata hizo nikate? Upepo mmoja tu, mtalala shambani. Mchague wenyewe, mlango ama paa."

Baba Mdogo alitembea polepole na fimbo yake kutoka kwenye geti mpaka kwenye ukuta, akauzunguka, tukamfuata. Akasimama mbele ya mlango, akauangalia, akageuka akaangalia mbele yake.

"Inatakiwa nyumba iangalie geti," akasema. "Haijasemwa geti lisihame."

"Lihamie wapi?" mdogo wangu akauliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Hapa."

"Baba, hapa ni kwangu."

"Najua. Nimekalia matofali yako mchana kutwa."

"Geti lake likikaa hapa, mimi najenga wapi? Ndani ya njia yake?"

"Utajenga kule upande wa barabara. Ni ardhi ya baba yenu yote."

"Kule ni udongo mweusi. Unapasuka. Msingi wake ni wa kuchimba mpaka uchoke."

Baba Mdogo hakubishana. "Mimi naondoka kesho asubuhi," akasema. "Hili ni lako. Ukikataa, ndugu yako hajatoka, na wewe hujatoka. Ukikubali, limekwisha. Sitakulazimisha upewe mahali pabaya kwa kosa la mwingine."

Mdogo wangu alinigeukia. Nilitamani anitukane, lakini alizungumza kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Miaka yote hii nimengoja utoke. Sasa umetoka, umekuja kukaa mlangoni kwangu."

Akaenda akaketi mahali alipokuwa ameketi Baba Mdogo. Hakuna aliyemfuata. Fundi alirudi juu akaendelea, taratibu, kama mtu asiyejua anamjengea nani. Mimi nilibaki nimesimama na, Mungu anisamehe, kuna kitu kidogo kilinipitia kichwani. Kwamba akikataa, basi. Hakuna dala. Labda Baba Mdogo atatafuta njia, tutavumiliwa, nitarudi kwenye simba yangu, na chapati zilikuwa bado moto.

Mke wangu alikuwa ananiangalia usoni.

"Usifurahi," akasema.

"Sifurahi."

"Nimekuona."

Kutoka ng'ambo, Mama, ambaye alikuwa amesimama kwenye ua muda wote na kusikia yote, akaita, "Mbona mmenyamaza? Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama," mdogo wangu akajibu. "Ni mtoto wako ameshindwa kukuacha."

Kisha akainuka. Hakusema amekubali. Alizunguka nyumba, akaenda kwenye geti, akashika nguzo ya kwanza kwa mikono miwili akaitikisa mpaka ikatoka na udongo wake. Akaiweka begani akaja nayo upande wa mawio, akaitupa miguuni pa Baba Mdogo. Mimi nilikwenda kuchukua ya pili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na alisimama akaniangalia ninavyohangaika nayo, hakunisaidia hata kwa kidole.

Baba Mdogo alitutoa nje wote, tukaanza tena kama alfajiri. Fimbo mbele, shoka nyuma, jogoo ambaye sasa alikuwa amechoka na sherehe zetu, na mke wangu na makaa, uso wake haunisemeshi. Tukaingia kwa geti jipya. Ili tuingie ilibidi tupite ubavuni mwa matofali tukiwa tumejibana, mmoja mmoja. Fundi alipigilia bati la mwisho giza likianza kushika, wasaidizi wakimmulikia kwa simu zao, na moto ukawekwa ndani chini ya paa. Baba Mdogo akaangalia juu, akaangalia moto, akasema, "Imekuwa." Akaomba maji ya kunywa.

Watu waliondoka wakizungumza juu ya Addis Ababa. Mdogo wangu aliondoka bila kuzungumza juu ya chochote.

Nililala, na nililala vibaya. Bati la zamani linalia likipoa, kila mara nafikiri ni mtu. Asubuhi mke wangu aliamka kabla yangu, akafungua mlango, na palepale nikasikia sauti ya Mama imevuka matofali:

"Umeamka mapema leo."

Mke wangu alichukua leso, akaifunga juu ya mlango pande zote mbili, akaivuta ikaze. Halafu ndipo aliposema, "Ndiyo, Mama. Habari ya asubuhi," kupitia kitambaa.

Nilitoka kwa kuinama chini ya leso. Baba Mdogo alikuwa ameshampigia mdogo wangu shoka mahali pake alfajiri, na ameshasindikizwa barabarani. Upande wa machweo, kwenye udongo mweusi, mdogo wangu alikuwa na yule fundi wa jana, wamefunga kamba kwenye kijiti, wanavuta. Hakuwa amengoja hata Jumatatu. Alikuwa ametoa shati, anahesabu hatua kwa sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilimsikia anapiga mluzi.

Nikazunguka ukuta wangu usio na mlango, nikasimama mbali kidogo.

"Omera, nije nikusaidie?"

Hakugeuka. Alivuta kamba mpaka ikanyooka.

"Kaa hapo ulipo," akasema. "Na mikono iweke mfukoni."

Nikaiweka.